Bawa la Kulia

Kaka yangu anaitwa Fundi Bado. Jina hilo alipewa na wateja. Maseremala wengine ukiwauliza kazi itaisha lini wanakwambia kesho, na kesho yao haifiki. Yeye alikuwa anajibu "bado", anaendelea kusugua, na siku akinyamaza ujue kitu chako kimekwisha na hutakirudisha. Mimi ni mdogo wake, fundi cherehani. Chumba changu na karakana yake vinatenganishwa na ukuta mmoja wa matofali, kwa hiyo habari zake nyingi nilizijua kwa masikio kabla ya macho. Nasema mapema ili mtu asije akaniita mmbeya. Ukuta ndio mwembamba.

Jumatatu ile nilisikia mashine yake ikilia vizuri, ikakatika ghafla, kisha ubao ukagonga ukuta wangu mpaka mikasi ikaanguka mezani. Ulikuwa ubao wa tatu. Nikaacha blauzi ya mtu haina mkono mmoja, nikatoka.

Alikuwa amesimama katikati ya karakana, mkono wa kulia ndani ya mfuko wa suruali kama kawaida yake siku hizi. Ubao wa plaiwudi umelala kifudifudi sakafuni. Nikaugeuza. Upande wa juu ua lilikuwa limetoka safi kabisa, majani yote yamekaa. Kuanzia katikati mchoro ulikuwa umeruka pembeni, kama milimita moja hivi, ukaendelea na safari yake bila aibu. Milimita moja mimi naificha kwenye pindo. Kwenye mlango wa kuchongwa, mtu anaiona akiwa barabarani.

"Usiseme kitu," akaniambia.

"Sijasema."

"Uso wako umesema."

Mkono ule ulianza kutetemeka mwaka jana. Alituficha kwa miezi, mpaka siku moja alipomwaga kikombe kizima cha chai mbele ya wifi yangu, yaani mkewe. Mficha maradhi kifo humuumbua, na yeye aliumbuliwa na chai. Daktari alisema ni mishipa ya fahamu. Dawa zitautuliza kidogo, lakini mkono hautarudi kuwa ule wa zamani. Tangu siku hiyo aliacha kusema "bado". Watu wa mtaani nao wakaanza kumwita "mzee", kwa huruma, na nilitamani kuwashona midomo.

Tatizo ni kwamba mkono ulimwacha njiani. Muuguzi mmoja mstaafu alikuwa amempa kazi ya mlango mkubwa wa mabawa mawili kwa ajili ya nyumba aliyojenga baada ya miaka thelathini ya zamu. Bawa la kushoto kaka alilichonga lote kwa patasi: mti unaopanda toka chini, matawi yamejaa maua, ndege wawili juu. Bawa la kulia lilitakiwa liwe pacha wake, likitazamana nalo. Lilikuwa limeegemea ukuta, tupu, limepigwa randa tu. Mbao za mabawa yote zilitoka kwenye gogo moja ambalo baba yetu alilipasua, na zilikaa darini zikikauka kwa miaka ishirini na miwili. Nyingine hakuna. Ukiharibu hiyo, umeharibu.

Muuguzi alisubiri bila kelele. Wiki ile alituma ujumbe kwamba Jumamosi atakuja na gari. Kama bawa la kulia halijachongwa atauchukua mlango hivyo hivyo, nusu una maua na nusu hauna kitu, maana hawezi kuendelea kulala nyuma ya mabati. Hakusema kwa ubaya. Na kaka yake wifi, ambaye ni mkuu wa walinzi kwenye ghala, alikuwa amemshikia kaka yangu nafasi ya ulinzi getini. Alitaka jibu Jumatatu inayofuata. Kwa hiyo Jumamosi ndiyo ingeamua kama kaka yangu ni fundi, au ni mtu ambaye zamani alikuwa fundi.

Ndiyo maana ya ile mashine. Wazo lilianzia dukani kwa Binti wa Fotokopi, kule kona, ambako kaka alikwenda kutoa nakala ya karatasi za hospitali. Nyuma ya kaunta kulikuwa na mashine mbovu za fotokopi zimerundikwa, na yule binti alikuwa amefungua moja. Akamwonyesha mota ndogo za ndani. Akamweleza kwamba mota hizi haziendi hovyo, zinahesabu hatua. Kompyuta ikiziambia nendeni hatua mia mbili, zinakwenda mia mbili na kusimama. Kaka alirudi nyumbani na mota tatu kwenye mfuko wa rambo na macho ambayo sikuwa nimeyaona tangu ugonjwa uanze.

Mwili wa kwanza wa mashine aliujenga kwa mbao, na ruta yake ya zamani, ile mashine ndogo ya kuchongea ya kushika kwa mikono miwili, ikatembea juu ya reli za droo. Ilipowashwa ilitetemeka kumshinda mwenyewe. Alicheka mpaka akakaa chini. Ilikuwa mara ya kwanza kuucheka ule mkono. Akaibomoa, akanunua mabomba ya mraba ya chuma, akayachomelea na kuyapaka ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu. Skrubu tatu ndefu: moja inapeleka ruta kushoto na kulia, ya pili mbele na nyuma, ya tatu juu na chini. Kila skrubu na mota yake. Kazi ya miezi saba. Wifi alikuwa anapita mlangoni na kusema, "Chuma kitachonga, wewe utakuwa unafanya nini?" Hakujibiwa hata siku moja. Maji ameshayavulia nguo.

Mchoro waliupata kwenye bawa la kushoto lenyewe. Kaka alitandika karatasi juu ya maua yake, akasugua kwa mkaa, Binti wa Fotokopi akazipiga picha na kuzigeuza kuwa mistari ya kompyuta. Nilikuwepo siku anamwonyesha. Kwenye kioo aligusa ua moja la chini, upande wa ndani.

"Mzee, hapa kwenye ukingo wa jani hili mstari una mawimbi mawimbi. Ninyooshe?"

Kaka alitazama muda mrefu kuliko swali lenyewe.

"Acha kama ulivyo."

"Ni kazi ya dakika moja tu."

"Nimesema acha."

Nikadhani ni kiburi chake kile kile, hataki mtoto wa kompyuta amsahihishe. Yakapita.

Sasa, hiyo milimita moja. Mashine iliweza kuchonga mraba, duara, hata jina la wifi, bila kosa. Akiiacha na kwenda kukaza waya nyuma, inafanya kazi kama malaika. Akirudi kuangalia ua linavyotoka, linaruka. Alibadilisha beringi. Alimlaumu Binti wa Fotokopi, binti akaja na kompyuta yake kuhakikisha, hakuna kosa. Alilaumu umeme, akatupiga marufuku, wifi asipige pasi, mimi nisiwashe cherehani ya umeme, tukarudi kwenye ya miguu kama enzi za bibi. Ua likaruka vile vile. Wifi aliacha hata kugombana naye, na mke akiacha kugombana ujue ameanza kufungasha vitu rohoni.

Jumatano wifi alikuja chumbani kwangu na suruali mbili za mumewe za kutia viraka. Akakaa kwenye ukingo wa meza.

"Wifi, mimi mashine siichukii," akasema. "Ila nikimwangalia naona mtu anayesubiri kufukuzwa kwenye nyumba yake mwenyewe. Bora aende getini. Getini hakuna atakayempima kwa milimita."

Nilivuta suruali ya kwanza ili nisimtazame. Suruali za kaka yangu nimezitia viraka miaka kumi na tano na zinachanika mahali pamoja tu: nyongani, upande wa kushoto. Magoti mazima, makalio mazima, nyonga imekwisha. Nilishamtania kwamba labda ana mke wa pili anayemshika hapo. Safari hii kiraka cha zamani kilikuwa na doa. Nikalipeleka dirishani. Lilikuwa jekundu, rangi kavu iliyosagika na kuingia kwenye nyuzi. Rangi ya kuzuia kutu.

Nilikaa kama nimechomwa na sindano. Nikachukua futi yangu ya shingoni, nikapima suruali toka pindo hadi doa, nikatoka nayo mbio. Wifi akanifuata bila kujua tunakwenda wapi.

Kaka alikuwa anachunguza waya kwa mara ya mia. Nilipiga magoti kando ya mashine, nikapima toka sakafuni. Kwenye bomba la kushoto, lile linalobeba reli, kwa urefu ule ule, rangi ilikuwa imesuguliwa hadi chuma kinang'aa. Pakubwa kama kiganja.

"Kaka, simama hapa kama unavyosimama ukichonga."

"Sina muda wa kuchezewa."

"Simama."

Akasimama. Na bila kujua, kama alivyofanya maisha yake yote, kama baba alivyofanya kabla yake, akaegemeza nyonga ya kushoto kwenye chuma na kuinamia kazi. Seremala akitumia patasi lazima avibane meza na mwili wake viwe kitu kimoja, la sivyo patasi itamkata. Kwa hiyo kila ua lilipofika mahali pazuri alisogea kuliangalia, akaegemea, uzito wa mwanamume mzima ukalisukuma lile bomba ndani kidogo tu. Milimita moja.

"Mwanafunzi wangu wa cherehani akisukuma kitambaa namchapa vidole," nikamwambia. "Mashine ina meno yake ya kuvuta. Ukisukuma, mshono unapinda. Unaisukuma, kaka. Siku zote hizi unamtafuta mchawi, na kikulacho ki nguoni mwako."

Alitazama chuma, akatazama kiraka. Nilitegemea acheke. Alijibu kwa sauti ndogo, "Sasa nisimame wapi?"

Lilikuwa swali la kweli, na liliniumiza. Nikachukua chaki yangu ya kukatia nguo, nikachora mstari sakafuni hatua tatu toka kwenye mashine, nikaweka kigoda changu nyuma yake.

"Hapa. Usivuke."

Alhamisi tulijaribu ubao wa nne. Alikaa nyuma ya mstari saa nzima, goti linachezacheza. Ua likatoka zima, toka jani la kwanza hadi la mwisho.

Ijumaa saa tatu asubuhi tulilaza bawa la kulia mezani. Watu wanne tulilibeba: kaka, mimi, wifi na Binti wa Fotokopi. Binti akasoma masharti yake. Kazi itachukua kama saa saba. Umeme ukikatika, mashine itasahau ilipo, ubao umekufa. Mtu akibonyeza kile kitufe chekundu cha kuzima mashine, itasahau pia. Kitakachoruhusiwa kuguswa ni kitufe kimoja tu cha kuzungusha, kilichong'olewa kwenye redio mbovu, cha kupunguza na kuongeza mwendo. Kaka alinyoosha mkono wa kulia kukigusa. Vidole vikakipigapiga mara tatu bila kukishika. Akaurudisha mfukoni.

"Dada, wewe kaa hapo," akaniambia. Yeye akaenda nyuma ya chaki.

Tuliwasha taa moja ukutani ili tuone umeme ukianza kulegea. Nakwambia ile taa niliiangalia kuliko nilivyowahi kuwaangalia wanangu wakiwa wagonjwa. Ruta ikashuka, ikauma ubao, vumbi jekundu likaruka, na harufu ya darini kwa baba ikajaa chumba kizima. Shina likatoka. Tawi la kwanza likatoka. Saa tano ndege mmoja alikuwa na kichwa.

Saa sita kasoro sauti ikabadilika. Mimi sikusikia kitu, kwangu ilikuwa kelele ile ile. Kaka alisimama.

"Punguza."

"Kuna nini?"

"Fundo la mti. Juu halionekani, liko chini. Linakuja. Punguza."

Nikazungusha. Sasa nami nikasikia: ruta ilikuwa inakoroma, biti, kile kisu chake kinachozunguka, inapiga kitu kigumu, na fremu nzima ikaanza kutikisika. Binti wa Fotokopi akapeleka kidole kwenye kitufe chekundu.

"Itavunjika," akasema. "Mzee, nizime?"

"Usiguse."

Alikuwa amefumba macho. Vidole vyake vya miguu vilikuwa juu ya chaki kabisa na mwili wote umeelekea mbele, nyonga ya kushoto imetoka, inatafuta cha kuegemea.

"Punguza tena. Bado. Bado. Kidogo tena, bado." Akashika pumzi. "Hapo."

Sauti ikashuka. Biti ililisaga lile fundo taratibu, punje kwa punje, mpaka nikaona jasho langu likidondoka kwenye kile kitufe cha redio. Kisha ikatoka upande wa pili, na mlio ukawa mwepesi. Hakuna kipande kilichoruka.

"Rudisha mwendo," akasema, akakaa.

Nilipogeuka, wifi alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. Alikuwa hajalisikia lile neno "bado" kwa muda wa mwaka mzima. Aliweka sinia chini, akajifuta uso kwa upande wa khanga, akasingizia vumbi.

Saa tisa zilibaki sehemu za chini tu. Ruta ilifika kwenye ua la mwisho, upande wa ndani. Ikazunguka jani la kwanza, la pili. Kwenye ukingo wa jani la tatu nikaona kitu kikanishtua: biti ikaanza kucheza. Kushoto kidogo, kulia kidogo, kushoto. Mashine isiyoumwa, iliyokwenda saa sita bila kupepesa, ilikuwa inatetemeka.

"Kaka, imeharibika," nikasema, mkono tayari kwenye kitufe cha redio.

"Haijaharibika."

"Si unaona inatetemeka?"

"Inafuata mstari," akasema. "Hapo ndipo ilipoanza."

Nilimwangalia. Alikuwa hanitazami, anatazama jani.

"Nilikuwa namalizia la kushoto. Asubuhi, chai sijanywa. Patasi ikacheza. Nikadhani ni njaa. Nikala, nikarudi, ikacheza tena. Ningeweza kupasugua, ila ningesugua na ua. Nikaacha."

Miezi yote ile nimepita mbele ya bawa la kushoto nikilisifia, sikuwahi kuona. Alikuwa amekaa na jani lile peke yake. Nilikasirika, nikalia, nikaendelea kukasirika, na vyote nilivifanya mkono ukiwa kwenye kitufe kwa sababu alikuwa ameniambia nikae hapo.

"Kwa nini hukumwacha binti anyooshe?"

"Mabawa yasingekuwa pacha," akasema.

Mashine ikamaliza jani, ikapanda juu, ikazimika yenyewe. Hakuna aliyepiga makofi. Kaka alivuka mstari wa chaki, akapangusa vumbi kwa mkono wa kushoto, akapitisha kiganja toka kwa ndege hadi chini.

Jumamosi Muuguzi alikuja. Ni mama mfupi, anatembea haraka kama bado anaitwa wodini. Mabawa mawili yalikuwa yamesimamishwa pamoja uani, kwenye mwanga. Alirudi nyuma, akasogea, akarudi nyuma tena. Wifi alikuwa ameshika simu kifuani. Mimi nilikuwa natafuna uzi.

Kisha mama yule akachuchumaa. Akaweka kidole kwenye ukingo wa jani moja la chini bawa la kushoto, akakipeleka kwenye jani lake pacha bawa la kulia. Akarudia. Akamtazama kaka, na macho yake yakashuka hadi kwenye mfuko wa suruali.

"Lete mkono," akasema.

Kaka akauzamisha zaidi mfukoni.

"Miaka thelathini nimeshika mikono ya watu. Lete."

Akautoa. Ulikuwa unatetemeka vibaya, mbele yangu, mbele ya mkewe, mbele ya dereva wa gari la watu. Muuguzi akaupokea kwa mikono yake miwili, akaukalisha kimya kama anahesabu mapigo.

"Ulianza ukiwa kwenye jani hili."

"Ndiyo, mama."

"Na hili la kulia?"

"Hilo nimelichonga jana."

Mama akaitikia kwa kichwa. Hakuuachia mkono.

"Haya, fundi. Unakuja kunifungia huu mlango lini?"

Kaka akatazama mlango wake, akavuta midomo kama anavyofanya akiwa na lawama na kazi yake mwenyewe.

"Bado haujapakwa mafuta," akasema. "Njoo na gari Alhamisi."

Wifi akaingia ndani kumpigia kaka yake simu, atafute mtu mwingine wa getini.